Athari ya Hall kwenye superkondakta chini ya mkondo mkali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia hapa Dodoma. Maswali haya nimeulizwa darasani, kwenye daladala, na mara nyingi kwa ujumbe wa simu usiku. Wengi wanaouliza walisoma fizikia kwa Kiingereza, wakakariri kanuni ya mkono wa kushoto wakaijibu kwenye mtihani, lakini hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza kwa lugha wanayoiotea ndoto. Ndiyo maana majibu mengine hapa ni marefu. Penye jambo jepesi nimepita haraka.

Athari ya Hall ni nini hasa?

Chukua ukanda bapa wa metali, upitishe umeme kwa urefu wake, halafu weka sumaku ili ugasumaku uupenye ukanda kutoka juu kwenda chini. Chaji zinazosafiri ndani ya ukanda zinasukumwa pembeni. Zinarundikana kwenye ukingo mmoja, ukingo wa pili unapungukiwa, na kati ya kingo hizo inazaliwa volteji ndogo. Hiyo ndiyo volteji ya Hall.

Aliyeigundua ni Edwin Hall, mwaka 1879, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Alitumia jani jembamba la dhahabu lililobandikwa kwenye kioo. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kuna elektroni. Ilitambuliwa mwaka 1897, miaka 18 baadaye.

Uzuri wa volteji hii ni kwamba ina alama. Kama wabebaji wa umeme ni elektroni, alama inakuwa hasi. Kama umeme unabebwa na matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni ambazo huenenda kama chaji chanya, alama inageuka. Volteji ya kawaida inakwambia umeme unapita kwa shida kiasi gani. Ya Hall inakwambia nani anaubeba. Shika sana neno hili "alama", kwa sababu fumbo lote la ukurasa huu limesimama juu yake.

Mwalimu, uliwahi kuipima kwa mkono wako?

Niliwahi, na mara ya kwanza nilijidanganya kwa siku nzima.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikata ukanda wa karatasi ya alumini ya jikoni, upana sentimita 2, unene kama mikroni 16. Nikapitisha ampea 2 kutoka kwenye betri ya gari, nikaweka sumaku ya spika, nikagusisha nyaya mbili za multimita kwenye kingo. Ikaandika milivolti 0.2. Nilifurahi mno. Nikaandika kwenye daftari kwamba nimeipata athari ya Hall.

Jioni mwenzangu mmoja akauliza: ukigeuza sumaku inakuwaje? Nikageuza. Namba haikutikisika. Nikaondoa sumaku kabisa. Namba ileile.

Kumbe nyaya zangu mbili hazikuwa zimetazamana sawasawa. Moja ilikuwa mbele ya mwenzake kwa milimita moja hivi. Milimita hiyo ya alumini ina ukinzani wake, na kwa ampea 2 inatoa karibu mikrovolti 170. Volteji ya Hall yenyewe, kwa sumaku ya tesla 0.3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya ugasumaku), ilipaswa kuwa kama mikrovolti 1.3. Kosa lilikuwa kubwa kuliko jibu zaidi ya mara mia.

Tangu siku hiyo siamini kipimo chochote cha Hall ambacho sumaku haikugeuzwa. Unapima sumaku ikitazama juu, unapima ikitazama chini, unatoa namba ya pili kwenye ya kwanza, unagawa kwa mbili. Kosa la nyaya halibadiliki alama sumaku ikigeuka, kwa hiyo linajifuta. Volteji ya Hall inageuka, kwa hiyo inabaki. Maabara kubwa za dunia zinafanya hivyohivyo.

Superkondakta ni nini, na hilo "joto la juu" ni joto gani?

Ni kitu ambacho kikipozwa chini ya jotoridi fulani, ukinzani wake wa umeme unakuwa sifuri. Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hili kwenye zebaki mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, kwenye kelvini 4 na kidogo, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa miaka 75 hali ilikuwa hiyo: baridi ya heliamu ya kimiminika au huna kitu.

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, Uswisi, waligundua kauri yenye oksidi ya shaba inayoanza kupoteza ukinzani kwenye takribani kelvini 30. Kauri, ndugu msomaji, kitu cha jamii ya kikombe na sahani! Mwaka uliofuata ikapatikana kauri nyingine ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, maarufu kwa jina la YBCO, inayofanya kazi mpaka karibu kelvini 93. Bednorz na Müller walipewa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo wa 1987.

Kwa hiyo "joto la juu" hapa ni nyuzi 180 chini ya sifuri. Ni juu ukilinganisha na heliamu tu.

Lakini tofauti hiyo ina maana kubwa kwa watu wa hapa. Naitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye kelvini 77, chini ya hizo 93. Na naitrojeni ya kimiminika tunayo tayari vijijini. Afisa mifugo anayekwenda kumhimilisha ng'ombe wako, mbegu za dume amezibeba kwenye mtungi wa naitrojeni hiyo. Akifungua kifuniko, ule ukungu mweupe unaomwagika chini bila kupanda juu unatokana na baridi inayotosha kuifanya YBCO iwe superkondakta. Siku moja nilimwomba mhimilishaji aniruhusu nichungulie. Alinyanyua kishikio taratibu, mirija ya mbegu ikaonekana imesimama kama njiti, na barafu ikaanza kuota kwenye shingo ya mtungi mbele ya macho yetu, juani, saa sita mchana.

Kama ukinzani ni sifuri, hiyo volteji ya Hall inatoka wapi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote ninayoulizwa, na anayeliuliza ameshaelewa nusu ya somo. Pasipo volteji ya mbele, yaani ile ya kufuata urefu wa ukanda, hatutarajii volteji ya pembeni. Na kweli, kwenye baridi kali na mkondo mdogo zote mbili zinakuwa sifuri.

Mambo yanabadilika ukiweka ugasumaku wenye nguvu. Superkondakta hizi haziufukuzi wote. Zinauruhusu uingie, ila kwa mafungu yaliyopimwa: nyuzi nyembamba za ugasumaku, kila moja ikiwa na kiasi kilekile kisichoongezeka wala kupungua, na kuuzunguka kila uzi umeme unazunguka bila kuchoka. Alexei Abrikosov alilieleza hili kwa hesabu mwaka 1957, akatuzwa Nobel mwaka 2003. Wanafizikia huziita vorteksi. Mimi naziita visulisuli, kwa kuwa mtu wa Dodoma hahitaji picha nyingine: mwezi wa tisa, uwanja mkavu, vumbi linajiviringisha na kusimama wima kama nguzo, linatembea. Katikati pametulia, pembeni panazunguka.

Tofauti ni udogo na wingi. Kwenye ugasumaku wa tesla 1, milimita moja ya mraba ya YBCO inabeba visulisuli kama milioni 480, kimoja kikiwa mbali na jirani yake kwa takribani nanomita 50 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kiini cha kila kimoja, pale katikati ambapo hali ya superkondakta imekufa, kina upana wa nanomita chache tu.

Sasa pitisha mkondo. Mkondo unavisukuma visulisuli kwa pembeni, kukatiza njia yake. Kisulisuli kinachotembea kinabeba ugasumaku, na ugasumaku unaotembea unazaa volteji. Kikitembea kwa kukatiza mkondo sawasawa, volteji yote inaangukia kwenye mstari wa mkondo, nasi tunaiona kama ukinzani umerudi. Lakini kikienda mshazari, kikafuata kidogo mkondo au kikaupinga kidogo, sehemu ndogo ya volteji inatokea kwenye kingo. Hiyo ndiyo Hall tunayoipima ndani ya superkondakta.

Kwa maneno mengine, hapa volteji ya Hall ni dira inayoonyesha visulisuli vinaelekea wapi.

Na hilo fumbo la alama ni lipi?

Fikiria mtu anavuka korongo lililojaa maji ya mvua. Analenga ng'ambo moja kwa moja, lakini maji yanamchukua. Atatokea chini kidogo ya alipolenga. Nadharia za kwanza, ya John Bardeen na Michael Stephen ya mwaka 1965 na ya Philippe Nozières na William Vinen ya 1966, zilitabiri kitu cha namna hiyo: kisulisuli kitachukuliwa kuelekea mkondo unakokwenda, na alama ya Hall itabaki ileile kama ya hali ya kawaida, yaani kabla kitu hakijawa superkondakta.

Kauri za shaba zilikataa. YBCO ikiwa na joto juu ya kelvini 93 ina alama chanya, maana umeme wake unabebwa na matundu. Ipoze ndani ya ugasumaku mpaka ianze kuwa superkondakta: volteji ya Hall inapungua, inafika sifuri, alama inakuwa hasi. Yule mtu aliyevuka korongo ametokea upande wa juu, maji yanakotoka. Vipimo vya namna hii vilianza kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, mara tu kauri hizi zilipopatikana. Kwenye kauri za bismathi na za thaliamu alama inageuka mara mbili: chanya, hasi, kisha chanya tena ukiendelea kupoza.

Wapo waliodhani ni kosa la vipimo. Siyo. Hata nayobiamu na vanadiamu, metali za kawaida, zimewahi kuonyesha mgeuko.

Kwa nini basi watafiti watumie mkondo mkali?

Kwa sababu ndani ya kauri kuna mitego. Kila fuwele ina kasoro: atomi ya oksijeni iliyokosekana, mpaka kati ya vipande viwili vya fuwele, uchafu. Kisulisuli kinapenda kutulia penye kasoro, kwa kuwa kiini chake tayari kimekufa na pale hakigharimu kitu. Kinanasa.

Mchukulie mchungaji anayeswaga ng'ombe kwenda mnadani Msalato. Njiani kuna vichaka vya migunga, kuna dimbwi, kuna majani mabichi kando ya shamba la mtu. Akiwa peke yake na fimbo moja, kundi linasimama kila penye kitu. Ukilitazama kutoka mbali ukasema "hawa ng'ombe wanapenda kukengeukia kushoto", huna uhakika: pengine vichaka vyote viko kushoto. Sasa waje wachungaji kumi, walifukuze kundi. Kichaka hakimsimamishi ng'ombe tena. Likiendelea kwenda kushoto, basi hiyo ni tabia ya ng'ombe wenyewe.

Mkondo mkali ndio wale wachungaji kumi. Unapozidi nguvu ya mitego, visulisuli vinatiririka huru, na tunaweza kuuliza: huu mgeuko wa alama ni wa kauri yenyewe, au ni wa kasoro zake? Kwangu mimi hapa ndipo uzito wote ulipo. Kwa miaka mingi watu walibishana nadharia juu ya nadharia, kumbe swali la kwanza lilikuwa kutenganisha tabia ya kitu na tabia ya uchafu ulio ndani yake.

Mkali kiasi gani? Kama wa mashine ya kuchomelea?

Hapana, na jibu huwashangaza watu. Kinachohesabika ni msongamano, yaani ampea kwa kila sentimita ya mraba ya unene wa njia.

Waya wa umeme wa nyumbani wa milimita za mraba 1.5 ukibeba ampea 10 una msongamano wa ampea 670 hivi kwa sentimita ya mraba. Utando wa YBCO, yaani tabaka jembamba sana la kauri hiyo, unaotumika kwenye vipimo hivi unaweza kuwa na upana wa mikroni 10 na unene wa nanomita 100. Piga hesabu: eneo lake la kukata ni sehemu moja ya milioni mia ya sentimita ya mraba. Ukipitisha miliampea 10 tu, mkondo mdogo kama unaowasha taa ndogo ya kiashiria, umefika ampea milioni moja kwa sentimita ya mraba. Ni mara 1,500 ya waya wako wa ukutani, ndani ya kitu usichokiona kwa macho.

Utando hauungui?

Unaungua, usipokuwa mwangalifu. Na hata usipoungua unaweza kukudanganya, ambalo ni baya zaidi.

Visulisuli vikitiririka vinazalisha joto. Kwa msongamano ule wa ampea milioni moja, na ukinzani wa YBCO ukiwa karibu na wa hali ya kawaida, kila sentimita ya mraba ya utando inatoa kama wati 1,000. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ina sahani ya sentimita za mraba 200 hivi, kwa hiyo inatoa wati 5 kwa kila sentimita ya mraba, na tayari inachoma shati. Utando unatoa mara 200 ya hiyo.

Joto likipanda kwa kelvini moja au mbili karibu na jotoridi la mageuko, yaani pale kauri inapogeuka kuwa superkondakta, volteji ya Hall inabadilika kabisa. Mtafiti ataona mabadiliko, ataandika "mkondo mkali umebadilisha athari ya Hall", kumbe ni joto tu.

Dawa yake ni mipigo. Badala ya mkondo unaoendelea, unapitisha mpigo mfupi sana, unapima volteji ndani ya mpigo huohuo, unakata, unasubiri utando upoe, unarudia. Mpigo ukiwa mfupi joto halipati muda wa kujikusanya. Tena utando unajengwa juu ya fuwele inayopitisha joto vizuri na unafanywa mwembamba ili joto litoke upesi. Kisha unaukagua: volteji ya mbele inakuwa kipimajoto chako, kwa kuwa unajua ukinzani ulivyo kwenye kila jotoridi. Ukiona volteji inapanda wakati mpigo ukiendelea, utando unapata joto, punguza.

Nawaambia wanafunzi wangu: ukisoma makala ya mkondo mkali, kabla ya kutazama mchoro wa matokeo tafuta aya inayozungumzia joto. Isipokuwepo, funga makala.

Na walipofanya hivyo, waliona nini?

Mfano ninaoupenda ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, na wenzao, iliyochapishwa mwaka 2000. Walitumia tando za YBCO kwenye ugasumaku mdogo, chini ya tesla 1, ambapo mitego ina nguvu sana. Wakakuta kitu ambacho YBCO haikuzoeleka kuwa nacho: alama inageuka mara mbili. Chanya, hasi, halafu chanya tena chini zaidi.

Wakaongeza mkondo. Mgeuko wa pili ukatoweka. Wakajaribu njia nyingine: wakauinamisha ugasumaku kwa pembe ya nyuzi 5 tu ili usilingane tena na mipaka ya fuwele ambayo ndiyo mitego mirefu ya visulisuli. Mgeuko wa pili ukatoweka tena.

Njia mbili tofauti, jibu moja. Mgeuko wa pili ulikuwa kazi ya mitego. Wa kwanza, ule ulio karibu na jotoridi la mageuko, haukutoweka kwa namna hiyo. Kuna kitu cha ndani zaidi kinachouleta. Na papo hapo likajibiwa swali lingine lililokuwa likibishaniwa tangu mapema miaka ya 1990: je, upitishaji wa Hall, yaani jinsi kauri inavyopitisha umeme kwa pembeni, hauguswi na mitego kabisa, kama hesabu moja maarufu ya mwaka 1993 ilivyosema? Kwenye kauri hizi unaguswa.

Zile nyuzi 5 hunifurahisha kila nikizikumbuka. Ni kama kuinamisha kitabu mezani kwa kukiwekea penseli chini yake.

Ukizidi kuongeza mkondo, bila kikomo?

Mambo mawili yanatokea. Kwanza, mkondo wenyewe unaanza kuzivunja zile jozi za chaji zinazofanya superkondakta iwe superkondakta, na jotoridi la mageuko linashuka.

Pili, visulisuli vinakimbia mno. Kasi ya kilomita moja kwa sekunde si ya ajabu kwenye YBCO. Kwa kasi hiyo ungetoka Dar es Salaam ukafika Dodoma ndani ya dakika nane. Anatoly Larkin na Yuri Ovchinnikov walitabiri mwaka 1975 kwamba ikifikiwa kasi fulani, kiini cha kisulisuli kinaanza kupungua, msuguano unapungua nao, kisulisuli kinaongeza kasi, kiini kinapungua tena. Hakuna breki. Volteji inaruka ghafla na utando unarudi kwenye hali ya kawaida. Kwa hiyo dirisha la kufanyia kazi lina mwisho: mkondo uishinde mitego, lakini usiifikie kasi hiyo.

Fumbo la mgeuko wa kwanza limeshatatuliwa?

Wanafizikia hawajakubaliana. Wapo wanaosema chanzo ni mpangilio wa elektroni ndani ya kauri, unaofanya mwendo wa jozi uwe na mwegamo wake tofauti na wa matundu ya kawaida. Wapo wanaosema kiini cha kisulisuli kinabeba chaji kidogo ya umeme, na kikitembea nayo kinaongeza volteji yenye alama ya kinyume. Wazo hili la pili lilipata nguvu mwaka 2001, watafiti wa Japani walipotumia mwangwi wa sumaku wa viini vya atomi na kuona dalili za chaji hiyo kwenye YBCO. Mimi navutwa na wazo la chaji, kwa kuwa linapimika bila kutumia Hall yenyewe, na ushahidi wa shahidi wa nje una uzito wake.

Treni ya SGR inayokuja Dodoma inatumia superkondakta?

Hapana. Inatumia umeme wa kilovolti 25 na nyaya za kawaida. Treni yenye superkondakta ni ile ya majaribio ya Japani inayoelea juu ya njia. Mwaka 2015 ilifikia kilomita 603 kwa saa.

Athari ya Hall, hiyo iko kila mahali. Pikipiki ya umeme yenye mota ndani ya gurudumu kwa kawaida ina sensa tatu za Hall zinazoonyesha mota iko kwenye nafasi gani. Simu yako inayozima kioo ukifunga kava hutumia sensa kama hiyo.

Mkondo mkali kwenye superkondakta una faida gani kwa mtu wa kawaida?

Kila matumizi makubwa yanataka mkondo mkubwa na visulisuli vilivyotulia. Kisulisuli kikitembea, umeme unapotea kama joto. Mjini Essen, Ujerumani, mwaka 2014 waliweka kebo ya superkondakta ya kilomita moja hivi, kilovolti 10, yenye uwezo wa kubeba megawati 40 kwenye mtandao wa jiji. Mwaka 2021 huko Marekani sumaku kubwa ya kauri za jamii hii ilifika tesla 20, kwa ajili ya utafiti wa nishati ya muungano wa atomi. Wanaotengeneza nyaya za namna hii huongeza mitego kwa makusudi. Kile ambacho mtafiti wa Hall anakiona kero, fundi wa kebo anakinunua.

Ndiyo, najua swali linalofuata: njia yetu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupita Dodoma na Singida hadi Shinyanga ina urefu wa kilomita 670, tungeiwekea hiyo? Gharama ya kupoza kilomita 670 ni kubwa mno. Kwa sasa kebo hizi ni za mahali pafupi penye msongamano mkubwa wa watu.

Nilisikia imepatikana inayofanya kazi bila kupozwa.

Ni ile LK-99 ya Korea Kusini, Julai 2023. Maabara nyingi zilijaribu, haikuthibitika. Zipo kemikali zenye hidrojeni zinazofika kelvini 250, lakini kwa mgandamizo zaidi ya mara milioni moja wa hewa tunayoivuta. Usiku wa baridi wa Julai hapa Dodoma ni kama kelvini 287.

Tanzania tuna nini cha kuchangia?

Heliamu imegunduliwa bonde la Rukwa, ugunduzi uliotangazwa mwaka 2016, na nayobiamu ipo Panda Hill kule Mbeya. Vyote viwili ndivyo vinavyoendesha mashine za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili, hospitalini. Natamani siku moja tuvipime hapahapa kabla ya kuvisafirisha.

Nataka kuanza na sina maabara. Nianze wapi?

Tafuta sensa ya Hall ya aina inayotoa volteji inayopanda na kushuka, yenye miguu mitatu, ndogo kama punje ya mahindi. Wauza vipuri vya elektroniki wanazo. Epuka zile za kutoka kwenye feni za kompyuta, nyingi zinajua "ndiyo" na "hapana" tu. Mguu wa kwanza upe volti 5, wa pili uuweke kwenye hasi, wa tatu upime. Pasipo sumaku utasoma karibu volti 2.5. Iandike namba hiyo kwa usahihi wote wa multimita yako.

Sogeza sumaku ya spika iliyokufa, polepole, kutoka sentimita kumi. Namba itaanza kutembea ukiwa na sentimita tatu au nne. Andika kila nusu sentimita. Kisha geuza sumaku uso wa pili, rudia safari nzima kwenye umbali uleule, na utaona namba inashuka chini ya 2.5 kwa kiasi kilekile ilichopanda. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawa kwa mbili. Ukimaliza, nitumie daftari lako, si jibu la mwisho peke yake. Nataka kuona na zile namba ulizozikata.